Kiziwi wa Pua

Kwa lugha yetu harufu husikika.
Ua likiwekwa chumbani twasema twalisikia,
kana kwamba lina sauti.
Basi nisemeje, Bwika, mume wangu,
ila kwamba pua yako imeingia uziwi?

Nilianza kushuku siku ya maharage.
Nilitoka Marikiti na asumini yangu kwenye kikapu,
nikakuta nyumba nzima moshi,
tui limekuwa mkaa, sufuria haifai tena,
jirani Mwanakheri mlangoni, leso puani,
nawe hatua tano kutoka jikoni
wasoma gazeti.

Mchana nilikugombeza. Usiku nikafikiri.

Miaka ishirini na sita wafungua ile maabara
kabla ya walimu, waifunga baada yao.
Wanafunzi huja kwa saa mbili.
Siku ya kwanza hulia wote,
na daktari huwaambia kumlilia marehemu ni adabu.
Wewe umesimama kando na ufagio, wajua
si adabu, ni formalini.
Macho yale hulia bila msiba.

Wao wataoga, watakwenda zao bwenini.
Wewe hubaki na pipa la buluu
na jagi lililovunjika mkono,
wachanganya, wakohoa, wachanganya,
wawanyunyizia wale wasio na majina
na kuwafunika tena polepole, kama wenye homa.

Feni ya kutolea hewa ilikufa Zuhra hajaota meno.
Zuhra sasa ni mama.
Dirisha lilipigiliwa misumari
wapangaji wa ghorofa ya pili
waliposema harufu yawakosesha hamu ya kula.
Malalamiko yao yalisikika kwa siku tatu.
Wewe uliandika barua nne.
Jibu lilikuja moja: ombi lashughulikiwa.
Na boksi la barakoa za kitambaa,
zile za vumbi la barabarani.

Ngozi ya vidole vyako ni ganda la muhogo mkavu.
Saa nane za usiku kifua chapiga mluzi,
wakaa kitako, mikono magotini,
waniambia ni vumbi, ni baridi ya Julai, ni uzee.
Una miaka hamsini na mmoja.

Nguo zako nazifua mbali, beseni jekundu,
maji matatu, la mwisho la ndimu,
na bado nikiinama kuzianika
koo hunikereketa.
Wafu siwalaumu, Mungu awarehemu,
hawakuomba kukaa miaka yote hiyo.
Ni kile kisichowaacha waoze
ndicho unachorudi nacho nyumbani.

Kila Alhamisi nikishona vikuba
nakutilia kimoja kiganjani.
Wakisongeza puani, wafumba macho:
"Ahaa, leo umezidisha mrehani."
Alhamisi iliyopita umeme ulikatika.
Gizani nilikupa majani ya mpera,
makavu, ya juzi, nimeyafunga uzi.
"Ahaa," ukasema. "Mrehani."
Nikasema naam,
nikageukia ukuta.

Juzi Zuhra alikuja na mtoto, siku yake ya arubaini.
Kila mtu alimnusa utosini, kila mtu akacheka.
Zamu yako ilipofika uliinama
ukakaa hapo muda mrefu mno,
kama mtu aliyepiga simu
asubiri upande wa pili ipokelewe.

Kesho Jumatatu. Begi lako liko tayari:
mkate wa mofa, chupa ya chai,
barakoa mbili nilizozishona nguo ndani ya nguo,
najua hazitasaidia.
Chini ya mkate kuna bahasha. Usiifungue.
Ni barua ya tano, nimeiandika mwenyewe
na kutia sahihi kwa jina langu.
Inaanza hivi:
Mimi si mfanyakazi wenu.
Mimi ndimi nimfuliaye.